Maswali na Majibu: Neno Lako Lina Uzito, Unalitumiaje?

Bwana Yesu asifiwe. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: Mkristo anayesikilizwa na watu aitumieje nafasi hiyo ili Mungu aheshimiwe? Nimechagua chache.

Nina wafuasi wengi Instagram. Niweke mstari wa Biblia kila asubuhi? (Mwanza)

Weka. Ila kabla ya hapo, mlipe fundi aliyekushonea nguo unazopigia picha.

Nina kampuni ndogo ya usafirishaji. Nimeanzisha maombi kabla ya kazi, lakini baadhi ya wafanyakazi wanachelewa makusudi. Je, ni sawa kuwakata posho? (Dar es Salaam)

Si sawa. Wanaoitikia "amina" kwa kuogopa kukatwa posho wanakuogopa wewe, hawamwabudu Mungu. Na bila shaka kati ya madereva na matingo wako wamo Waislamu. Paulo alikuwa na mamlaka ya kumwagiza Filemoni ampokee mtumwa wake Onesimo, akachagua kumsihi kwa upendo, akamwachia nafasi ya kukataa. Nawe waalike, waache huru, usiandike mahudhurio.

Kisha fungua faili la mishahara. Hukuniuliza, lakini nakuambia. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara iende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu ya hiyo. Wapo waajiri waliookoka wanaoikata nusu ile kila mwezi na hawaipeleki. Dereva anakuja kujua siku anapofuatilia mafao yake: amekaa mbele ya dirisha, karani anamgeuzia skrini, michango imekoma miaka mitatu nyuma. Unadhani siku hiyo atakumbuka nini kuhusu maombi yako ya asubuhi? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anazisikia. Maliza hilo kwanza, ndipo uwaite kuomba.

Je, ni dhambi kutamani kuwa maarufu? (Hakutaja alipo)

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Soma 3 Yohana, habari za Diotrefe aliyependa kuwa wa kwanza. Ni sura moja tu.

Mimi ni ofisa manunuzi katika halmashauri. Mzee wa kanisa letu ameomba zabuni, na mchungaji ananikumbusha Wagalatia 6:10, tuwatendee mema hasa walio jamaa ya waaminio. Nifanyeje? (Mbeya)

Mchungaji wako amelitumia andiko vibaya, na umwambie hivyo kwa heshima. Mema anayoyasema Paulo huyatoi kwenye mfuko wa mwingine. Fedha ya halmashauri ni ya mama anayelipa ushuru wa kizimba sokoni, awe anasali kwenu au hasali.

Rudi kwenye Nehemia sura ya 5, sura ambayo siisikii ikihubiriwa watumishi wa umma wanapoombewa vyeo. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda miaka 12 na hakula posho ya liwali. Waliomtangulia waliwatoza watu mkate na divai, na juu yake shekeli 40 za fedha. Yeye hakufanya hivyo, na sababu anayoitoa ni kumcha Mungu. Angalia na jambo jingine: wakati ule watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka. Mwenye fedha na cheo angejikusanyia ardhi kwa bei ya kutupa. Anasema hawakununua shamba lolote.

Kwa hiyo mzee aombe kama wengine. Wewe tangaza uhusiano wenu kwa maandishi na ujiondoe kwenye tathmini. Watakaokununia Jumapili, wacha wanune. Na chunga nyumba yako pia. Samweli aliweza kuwauliza Israeli wote, "Nimetwaa ng'ombe wa nani?", akakosekana wa kumshitaki, lakini wanawe walikula rushwa kule Beer-sheba.

Mimi ni dada wa kazi. Sina cheo wala elimu. Nitamheshimishaje Mungu? (Arusha)

Binti yangu, yule kijakazi wa mke wa Naamani alikuwa mateka, hata jina lake hatujui, na neno lake moja lilimfikisha jemadari wa Shamu mlangoni kwa Elisha. Fanya kazi yako kwa uaminifu na useme unachokijua. Lakini uaminifu haukudai unyamaze ukidhulumiwa. Mshahara usipotoka, udai.

Na ninyi wenye nyumba: nimewahi kuketi kwenye ibada ya nyumbani tukiimba beti zote, binti wa kazi amesimama mlangoni na chupa ya chai, na hakuna aliyemwambia aketi. Watoto waliokuwa kwenye zulia walimwona, na walituona sisi.

Mheshimiwa akija na bahasha ya ujenzi, tumpe kipaza sauti? Tukimkatalia tutapoteza ushawishi serikalini. (Nakuru)

Kila uchaguzi ukinukia, swali hili linarudi, na Yakobo 2 ipo palepale na yule mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri. Asalimiwe, aketi na wengine, sadaka yake iingie kapuni bila kiasi kutangazwa. Huko kwenu Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alikwisha kuwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani mwaka 2021. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto zirudishwe. Mmekwisha kuonyeshwa njia.

Na huo ushawishi mnaoogopa kuupoteza mnautunza kwa ajili ya nani? Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa. Nafasi yake aliitumia kwa watu waliokuwa wanatoweka usiku, na mabati ya kanisa hayakuwa hoja.

Kamati yenu ya ujenzi ikutane wiki hii, kabla mgeni hajafika, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.