Kuzima alamu: tafuta kwanza mahali ilipohifadhiwa

Ndugu yetu wa Njiro, Arusha, ameuliza mambo matatu kwa pamoja. Simu yake ya Android humwamsha saa 11 alfajiri ingawa ameiweka kwenye hali ya kimya. Bangili yake janja ya mkononi, ile inayounganishwa na simu, hutetema hata baada ya alamu kufutwa kwenye simu. Na kitambuzi cha moshi kilichoko darini hutoa mlio mfupi usiku wa manane wakati hakuna moshi wowote. Mimi nasimamia nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, na wengi wa wageni wetu ni watu wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo kazi ya kutafuta kinacholia na kukinyamazisha naifahamu kwa vifaa vya aina nyingi. Kabla hajagusa kitufe chochote, ningependa ashike jambo moja: alamu mara nyingi haikuhifadhiwa pale mtu anapoitafuta kwanza, na huondoka pale tu inapofutwa mahali ilipohifadhiwa.

Tuanze na simu. Hali ya kimya huzuia milio ya wanaopiga na ya ujumbe unaoingia, lakini alamu ina njia yake. Katika iPhone, alamu iliyowekwa kwenye programu ya saa hulia hata simu ikiwa kimya na hata ikiwa imewekwa isisumbue. Katika Android, alamu ina kiwango chake cha sauti ndani ya Mipangilio, mbali na sauti ya mlio wa simu na sauti ya muziki, na hali ya Usinisumbue kwa kawaida huziruhusu alamu zipite isipokuwa mwenye simu ameondoa ruhusa hiyo mwenyewe. Naona waliotengeneza hivi walifanya vyema, kwa sababu mgeni anayesubiriwa na gari la kwenda lango la Machame hana budi kuamka hata kama alizima milio ili apate usingizi.

Yapo matendo manne ambayo watu wengi huyachanganya: kuahirisha, kusitisha mlio wa leo, kuzima swichi ya alamu, na kuifuta kabisa. Anayebonyeza vitufe vya pembeni vya iPhone wakati alamu inalia anakuwa ameiahirisha tu, na kwa kawaida italia tena baada ya dakika 9. Katika programu ya Saa ya Google, mwenye simu huchagua ndani ya mipangilio yake kama vitufe vya sauti viahirishe alamu, viisitishe, au vipunguze sauti tu, na ndiyo maana simu mbili zinazofanana zinaweza kutii tofauti. Tena, alamu iliyowekewa kurudia siku fulani za wiki hurudi siku hizo hata ikisitishwa kila asubuhi. Dawa yake ni kufungua programu ya Saa na kuzima swichi iliyo mbele ya muda huo, au kuifuta.

Ikiwa umefungua programu ya Saa na hukuikuta, usihangaike na kuzima na kuwasha simu, kwa maana huenda alamu inatoka kwingine. Programu za adhana huwa na ratiba zao zenyewe, vivyo hivyo kalenda na programu za kumkumbusha mgonjwa dawa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayolazimika kuonekana kwenye orodha ya Saa. Alamu za daku nazo, zilizowekwa zirudie kila siku wakati wa Ramadhani, huendelea baada ya Idi hadi mtu azizime. Kwenye iPhone, saa ya kuamka inaweza kuwa imewekwa ndani ya ratiba ya usingizi, ambayo hukaa peke yake juu ya orodha ya alamu za kawaida na hubadilishwa kupitia ratiba hiyo. Kwenye simu nyingi za Android, skrini iliyofungwa huonyesha alamu inayofuata. Ukiigusa na kufungua simu, mara nyingi utapelekwa moja kwa moja kwenye programu iliyoiweka. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, naye aifute alamu kabla ya kuzima simu, kwani baadhi ya simu hizo hulia hata zikiwa zimezimwa.

Kuhusu bangili, jibu ni fupi. Bangili nyingi za bei nafuu hupokea alamu kutoka kwenye programu yao maalumu ya simu, kisha huitunza zenyewe ndani, ndiyo sababu zinaendelea kutetema hata simu ikiwa mbali au imeuzwa. Kufuta alamu kwenye programu ya Saa hakuigusi bangili. Fungua programu ya bangili, hakikisha Bluetooth imewashwa na bangili imeunganishwa, kisha uizime humo. Bangili nyingine zina orodha ya alamu kwenye kioo chake na hazihitaji simu. Saa za Apple zina tabia ambayo inafaa kujulikana: ikiwa mkononi na iko kimya hutetema tu, lakini ikiwa kwenye chaja alamu hutoa sauti hata kama hali ya kimya imewashwa. Spika janja za Echo na Nest nazo hutunza alamu zake. Ukiigusa au ukibonyeza kitufe chake husitisha mlio wa wakati huo, ila kuiondoa kabisa alamu inayojirudia hufanywa kwa amri ya sauti au kwenye programu yake.

Hapa niongeze jambo ambalo wenzangu wenye nyumba za wageni Moshi na Arusha watalitambua. Mtu anayepanda kwa njia ya Machame hukaa mlimani siku 6 au 7, na mizigo asiyoihitaji huiacha kwetu stoo. Ndani ya begi lililofungwa kwa kufuli huwa kuna simu ya pili, kishikwambi, au saa, na alfajiri kinaanza kulia wakati wageni wa chumba cha jirani wametoka kushuka mlimani na wanahitaji kulala kuliko kitu kingine chochote. Mlinzi wetu huwa wa kwanza kusikia. Sisi hatufungui begi la mgeni pasipo ruhusa yake, hata kama kufuli ni dhaifu, kwa sababu uaminifu wa stoo ndio unaomfanya mtu aache hapo mali yake. Humtumia ujumbe kupitia kampuni iliyompeleka, na kiongozi wa msafara humfikishia akipata mtandao. Wakati huo begi huhamishiwa chumba kilicho mbali na wanaolala. Mgeni akiridhia tufungue, iPhone iliyofungwa huzimwa bila namba ya siri kwa kushikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti kisha kuburuta alama inayotokea, na ikishazimwa alamu yake hailii. Bora zaidi ni kumwomba mgeni azime vifaa vyake vyote mbele yetu anapokabidhi begi, na sasa tunafanya hivyo kwa kila mmoja, kwa heshima, kabla ya kumpa risiti.

Ndani ya nyumba zetu kuna milio mingine ambayo ni taarifa za kweli. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, hulia uniti zinapokaribia kwisha, na hata ukiinyamazisha kwa kitufe itarudia mpaka uingize tarakimu 20 za umeme mpya. UPS ya kompyuta, yaani kifaa chenye betri kinachoipa umeme wa akiba, hulia umeme ukikatika. Nyingi hunyamaza kwa kubonyeza kitufe kwa muda mfupi, lakini usikishikilie, maana kwa baadhi yake hivyo ndivyo inavyozimwa pamoja na vilivyounganishwa nayo.

Sasa kile cha darini, ambacho nakuomba sana ndugu yangu usikichukulie kama simu. Mlio mmoja mfupi unaorudia kila baada ya sekunde 30 hadi 60 maana yake ni betri dhaifu, na husikika zaidi usiku kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri. Miezi ya Juni na Julai huku kwetu tunaliona hilo waziwazi. Weka betri mpya, kisha bonyeza kitufe cha majaribio. Ikiwa mlio unaendelea, angalia tarehe ya kutengenezwa iliyo nyuma yake, kwani vitambuzi vya moshi hutakiwa kubadilishwa vikifikisha miaka 10. Usitoe betri ukaacha kisanduku kitupu kikiwa darini, kwa sababu watakaolala humo watadhani wanalindwa.

Milio mikubwa inayofuatana ni habari nyingine. Katika vifaa vingi, milio 3 kisha kimya kifupi huashiria moshi, na milio 4 kisha kimya kifupi huashiria hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki na hutoka pia kwenye jiko la mkaa lililowekwa ndani ili kupasha chumba joto. Ukisikia hivyo, waamshe watu wote na mtoke nje. Kama ni moshi wa chapati na unauona chanzo chake, kitufe cha kunyamazisha kinatosha wakati unafungua madirisha. Kama chanzo hukioni, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukiwa tayari uko uani.