Nilimpeleka Mama kwenye shisha, akanipa majina yake

Swali lenu la wiki, "Je, ungempeleka mzazi wako kula kwenye mgahawa wenye shisha?", nimelisoma ndani ya basi nikacheka peke yangu mpaka jirani akanitazama. Mimi nimeshampeleka. Jibu langu ni ndiyo, ila mpeleke mchana, na mkae upande upepo unakotoka.

Niseme kwanza kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Nilipokuja London kusoma, nilibeba sahani kwa miaka miwili, kila Ijumaa na Jumamosi usiku, katika mgahawa mmoja wa Edgware Road. Jina lake silitaji, na mbele mtaona kwa nini. Barabara yenyewe inaanzia Marble Arch na kwenda kaskazini imenyooka kama uzi, kwa sababu walioichora ni Warumi. Vita vya Lebanon vilipoanza 1975, familia nyingi za Beirut zilihamia London, na baadhi yao wakafungua majiko yao mtaani hapo. Baadaye wakaongezeka Wairaki, Wamisri, Wasyria. Kiangazi hujaa watu wa Ghuba waliokimbia joto lao, na ukitega sikio vizuri utasikia Kiswahili cha Muscat kikiagiza chai.

Vibao vya nje huandikwa kwamba chakula ni cha Mediterania. Hilo naliona ni neno la kumtuliza Mwingereza tu, asije akaogopa. Ndani ya jiko letu mpishi mkuu alikuwa Mlebanoni wa Tripoli, mchoma mkate Mkurdi, mwosha vyombo Mwethiopia, na mimi wa Tanga. Bahari tuliyokuwa nayo wote ilikuwa ile ya maji ya kuoshea sufuria.

Mama alikuja kunitembelea mwezi wa tisa, baridi haijaanza kuuma. Wiki ya kwanza nilimpikia mwenyewe. Wiki ya pili akasema, "Mwanangu, nimekuja Ulaya kula wali wako wa maji?" Basi Jumanne moja tukapanda basi kutoka Kilburn tukaenda Edgware Road. Sikumpeleka nilikokuwa nikifanya kazi. Tuliingia mgahawa mdogo, meza kama kumi ndani, nyingine nje barabarani chini ya turubai, na pale nje ndipo wavuta shisha wanapokaa.

Chakula kikaja kidogo kidogo kwenye visahani, kama desturi yao. Mama akavikodolea macho, akangoja sinia la maana lifuate. Alipoonja hummus akauliza, "Dengu zimepondwa hivi, nani hapa hana meno?" Lakini akaonja tena. Mara ya tatu akanyamaza, akafumba jicho moja kama anavyofanya akikisia chumvi, akasema, "Humu mna ufuta." Nikamwambia ndiyo, ni ufuta uliosagwa mpaka ukawa uji mzito, ukachanganywa na ndimu na kitunguu saumu. Akasikitika kwamba sisi ufuta wetu unaishia kwenye kashata na mkate wa ufuta, hatukuwahi kufikiri kuusaga na dengu. Biringanya za kuchoma, zilizochanganywa na ufuta huohuo, zilimwendea moja kwa moja. Alisema zina ladha ya moshi wa jikoni kwa mama yake.

Tabbouleh haikumpendeza. Wengi hudhani ni saladi ya ngano, lakini ya Kilebanoni ni rundo la pasli iliyokatwakatwa, ngano yenyewe ya kuhesabu punje. "Mchicha mbichi," akasema, akaisukuma upande wangu. Fattoush, saladi nyingine yao, aliimaliza kwa sababu ya unga mwekundu mchachu unaonyunyizwa juu. Nikamwambia unaitwa sumaki. Akaniuliza kama utavuta vijiko.

Halafu nyama. Kafta alisema ni kababu zetu zilizokataa kuwa duara, na mishkaki ya kuku alisema ina adabu nyingi mno: nyeupe, laini, haina pilipili. Akaomba pilipili. Kijana aliyetuhudumia akaleta pilipili ya kuchovya, nyekundu, ya kupendeza machoni. Mama akaionja kwa ncha ya ulimi, akanong'ona, "Hii ni nyanya." Kilichomteka kabisa ni mkate. Ulikuja umefura kama puto, yule kijana ametoka nao jikoni mbio. Mama akautoboa kwa kidole, mvuke ukamrukia kwenye miwani. Akaagiza wa pili kabla hajala wa kwanza, na wala haukulipiwa. Pale mkate ni bure, ukiisha unaletwa mwingine.

Tulikaa saa tatu. London hii nimeshakula mahali ambapo wakati wa kuweka nafasi unaambiwa kabisa kwamba meza ni yako kwa saa moja na nusu, kisha uwapishe wengine. Edgware Road bili haiji mpaka uiombe, tena uiombe mara mbili, maana ya kwanza wanaichukua kama utani. Wengi husifu ukarimu wa Kiarabu, na upo kweli. Lakini nimekaa upande wa pili wa kaunta, najua kitu kingine: ni shisha inayolipia ule utulivu. Sahani ya hummus haina faida kubwa ukitoa mshahara na pango. Shisha moja, ambayo ndani yake mna tumbaku ya gramu chache na vipande vitatu vya makaa, siku ile ilikuwa pauni 22. Anayevuta hana haraka, na kadiri anavyokaa anaagiza chai ya mnanaa, kisha karanga, kisha baada ya saa mbili anakumbuka ana njaa. Mezani kwa wavuta shisha ndipo nilipopata bakshishi nzuri.

Sasa ile sababu ya kutotaja jina. Uingereza ilipiga marufuku kuvuta ndani ya majengo ya umma tarehe 1 Julai 2007, na shisha imo humohumo. Ukiwa na paa, sehemu ya ukuta iliyo wazi lazima ifike angalau nusu ya kuta zote. Ndiyo maana utawaona watu wameketi barabarani na makoti yao Desemba, hita ya umeme ikiwachoma utosi huku miguu imeganda. Pale nilipofanya kazi, baridi ikizidi walishusha mapazia ya plastiki pande zote, mtu mmoja akawekwa mlangoni kuangalia kama maafisa wa halmashauri wanakuja. Ndani kukawa chungu kilichofunikwa. Watu waliogopa moshi wa tumbaku, kumbe hatari ilikuwa kwenye makaa. Kwetu Tanga hata mtoto anajua: jiko la mkaa halilazwi chumbani na milango imefungwa, maana hewa yake inaua bila harufu. Usiku mmoja wa Januari, kijana wetu wa makaa, aliyekuwa akizunguka na kile kikapu cha chuma tangu saa kumi na mbili jioni, alishika kichwa, akatapika nyuma ya jokofu, akakaa chini. Tulimtoa nje, akapata nafuu kwenye upepo. Bosi akampa maji ya ndimu na nusu saa ya kupumzika. Mapazia hayakupandishwa.

Kwa hiyo mimi sivuti, na wanaoniambia kwamba maji yanachuja moshi nawaambia yanaupoza tu. Shirika la Afya Duniani lilishaandika tangu 2005 kwamba kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Najua pia wasomaji wa Dar na Nairobi watashangaa swali lenyewe: Tanzania ilipiga marufuku shisha 2016, Kenya ikafuata Desemba 2017. Nawajibu kutoka ninakoishi.

Turudi kwa Mama. Baada ya kula akataka kunywa chai nje, apate hewa. Hewa! Nikamtafutia meza ya pembeni kabisa. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja peke yake, koti la kijivu, gazeti la Kiarabu, na shisha ndefu ya shaba na kioo mbele yake. Harufu ilikuwa ya tumbaku wanayoiita "tofaa mbili", ile ya kizamani inayokaribiana na shamari. Mama hakugusa chai. Alikuwa anatazama kile chombo kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayemtambua ndugu aliyebadilisha nguo.

"Hiki si kiko hiki?"

Nikamwambia ni shisha.

"Shisha ni jina la dukani. Hiki ni kiko." Akaanza kunionyesha kwa kijiko cha chai. "Pale juu panapowekwa tumbaku ni bori. Mti ulioshuka huo ni digali. Chini, penye maji, ndicho kiko chenyewe. Na hilo linalokwenda mdomoni ni shilamu, ila ya babu haikuwa mpira wa kujikunja, ilikuwa ya mwanzi."

Miaka miwili nimeosha vile vitu, nimevibeba, nimebadilisha midomo ya plastiki, nimetoboa karatasi za foili kwa kipini cha mtandio, na sikuwa na neno hata moja la Kiswahili la kuviita. Bomba, mpira, kikombe, basi. Mama yangu hajawahi kugusa tumbaku, na majina yote alikuwa nayo.

Babu yake alikuwa akivuta barazani Pangani. Wao, wajukuu, walitumwa jikoni kuleta kaa la moto kwa koleo, na aliyefika nalo bila kulidondosha alipewa kipande cha halua. Chini ya kiko cha babu kulikuwa na kifuu cha nazi kilichotobolewa na kusuguliwa mpaka kikang'aa. "Ukikivuta maji yanalia," akasema. "Yale yanaitwa malio ya kiko. Sisi tulijua kama babu ana hasira kwa malio tu."

Yule kijana wa mgahawa akaja kubadilisha makaa ya mzee jirani. Nikamwuliza kwao wanakiitaje. Alikuwa Msyria, akasema argile, na kwamba wengine husema nargile. Nikafurahi, maana hilo nililijua: ni neno lililotoka kwa Waajemi, na kwao nargil ni nazi. Nikamtafsiria Mama. Hakushangaa, alinitazama kama mtu aliyeletewa habari ya jana. "Si nimekwambia? Kifuu." Kijana naye, akiona tunaelekeza vidole kwenye kapu lake, akanyanyua kipande kimoja ambacho hakijawashwa, mraba mdogo mweusi kama kipande cha kashata, akaniambia nimwambie hajja kwamba haya makaa yenyewe yametengenezwa kwa vifuu vya nazi, wanayanunua kwenye maboksi yanayotoka Indonesia. Hayatoi cheche wala harufu, ndiyo sababu.

Mama akakigeuzageuza kile kipande kiganjani, akacheka mpaka mzee wa gazeti akashusha gazeti.

"Kwa hiyo kifuu wamekitoa chini wakakipandisha juu wakakichoma!"

Nikajaribu kumtafsiria mzee. Sijui kama alielewa Kiingereza changu au alichekea kicheko cha Mama, ila alivuta polepole, kwa heshima, na Mama akainamisha kichwa upande wa kile kioo, mkono umeshika mtandio usiangukie makaa. Alisikiliza kama anayesikiliza simu ya mbali. Maji yakagugumia mara tatu, nne.

"Huyu hana hasira," akasema.

Kwa hiyo ndugu mhariri, msomaji mwenzangu anayeogopa kwamba mzazi atamwona amepotoka, ajaribu. Amwonye kuhusu moshi, amkalishe mbali na makaa, na mjukuu mchanga abaki nyumbani. Nilipomwambia Mama bei ya ile shisha aliuliza, "Pauni ishirini na mbili, na chakula?" Nikamwambia moshi peke yake. Akasema babu angekuwa tajiri.

Bili iliombwa mara mbili. Mwenye duka akatuongezea vipande viwili vya knafeh vya kufungasha, bila malipo, vya hajja. Mama alisema ni tambi za sikukuu zilizotiwa jibini kwa bahati mbaya. Alikula chake kwenye basi namba 98, ghorofa ya juu, siti ya mbele, na tulipokaribia Kilburn akanyoosha mkono kuomba changu.