Kabla ya Kuilaumu Sampuli, Ondoa Mche

Wiki sita za mwanzo za utafiti wangu wa uzamili niliziteketeza nikipima kitu ambacho hakikuwapo. Nilikuwa na leza nyekundu ya heliamu na neoni yenye urefu wa wimbi wa nanomita 633, mche wa kioo, lenzi mbili, polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) na kamera, na kila nilipozungusha polaraiza ya pili doa la mwanga lilisogea. Niliamini nimeuona mwachano wa spini, yaani kutengana kidogo kwa mwanga unaozunguka kisaa na ule wa kinyume-saa. Msimamizi wangu akaniomba jambo moja tu: niondoe mche, mwale uende moja kwa moja, kisha nizungushe polaraiza ile ile. Doa likasogea vilevile. Kumbe nyuso mbili za polaraiza hazikuwa sambamba, na kila ilipozunguka ilikuwa ikiupinda mwale.

Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii umejengwa juu ya aibu hiyo. Mwanga unapoakisiwa na kioo au kupindwa unapoingia ndani yake, sehemu yake inayozunguka kisaa na ile ya kinyume-saa huachana kidogo, moja upande huu wa bapa la mtuo (bapa lenye mwale unaokuja na ule unaoakisiwa) na nyingine upande wa pili. Fedorov alilitabiri jambo hili mwaka 1955, na Imbert akalipima mwaka 1972. Ugumu ni kwamba mwachano huo kwa kawaida ni wa makumi ya nanomita tu, ilhali doa lenyewe lina upana wa makumi ya mikromita au zaidi. Mwaka 2008 Hosten na Kwiat, wakiwa Illinois, waliukuza karibu mara 10,000 kwa kutumia kipimo dhaifu, wazo ambalo Aharonov, Albert na Vaidman walikuwa wamelitoa mwaka 1988: polaraiza ya pili huwekwa karibu kabisa kukingamana na ya kwanza, mwanga mwingi huzimwa, na ule mchache unaobaki huonekana umesogea mno. Kwa hiyo pembe ya polaraiza ndiyo rula yako. Ikikosea kidogo, kipimo chote kimekosea.

Anza na kioo cha kawaida. Zungusha polaraiza ya pili mpaka doa ligawanyike sehemu mbili zenye mstari mweusi katikati. Hapo ndipo zinapokingamana. Ukiisogeza sehemu ndogo ya digrii upande mmoja, nusu moja hunenepa na nyingine hufifia. Ukiirudisha upande wa pili, zinabadilishana. Zisipobadilishana kwa usawa, simama hapo hapo na utafute kasoro. Zikibadilishana, pima pande zote mbili kisha ugawe tofauti yake kwa mbili, usitegemee upande mmoja.

Ukishalimudu hilo, ndipo uanze kuutawala mwachano. Njia rahisi ni pembe ya Brewster, ile ambayo mwanga wa polarizesheni ya mlalo (unaotikisika ndani ya bapa la mtuo) karibu hauakisiwi kabisa; kwa kioo chenye kipeo cha mpindo (kipimo cha jinsi kioo kinavyoupinda mwanga) cha 1.515 ni digrii 56.6. Karibu na pembe hiyo mwachano wa polarizesheni ya mlalo hukua sana, lakini mwanga unaorudi huwa haba, na upana wa mwale wenyewe huuwekea ukuaji huo kikomo, hata kama fomula nyepesi za vitabuni zinaupeleka kusikokuwa na mwisho.

Nyuso zilizosanifiwa, yaani bamba zilizopangwa vijenzi vidogo mno juu yake, zina uhuru mkubwa zaidi. Kila kijenzi kidogo kikizungushwa kwa pembe fulani, mkono mmoja wa mwanga (kisaa au kinyume-saa) hupata fezi, yaani msogeo wa wimbi katika mzunguko wake, ya mara mbili ya pembe hiyo na mkono mwingine hupata kinyume chake. Vijenzi vikikamilisha nusu mzunguko kila baada ya mikromita 10, leza nyekundu hugawanyika takriban digrii 3.6 kila upande, hata ikitua wima. Sharti kila kijenzi kicheleweshe mtikisiko mmoja wa mwanga nyuma ya ule unaoukingama kwa nusu wimbi kamili, yaani digrii 180. Sampuli yangu ya kwanza ilichelewesha digrii 150 badala ya 180, na asilimia 7 hivi ya mwanga ikapita katikati bila kugeuzwa, ikiharibu hesabu yangu ya kitovu cha doa. Pima doa hilo la katikati kwanza.

Na usisahau kuzungusha sampuli digrii 180 ndani ya bapa lake. Mkono uliokwenda kulia lazima sasa uende kushoto. Usipokwenda, unachokiona si kazi ya vijenzi. Mimi huweka nukta ya wino ukingoni mwa kila sampuli, kwa kuwa bamba ni angavu, na ukilitoa ulifute vumbi hujui tena juu ni wapi.