Siku yako haijafika, ila boya vaa

Mi nimezaliwa Ujiji, Ziwa Tanganyika nimelijua kabla sijajua kusoma. Pale Kibirizi ukimwambia mtu avae boya kabla boti haijaondoka anakujibu "siku ikifika imefika tu", na mimi miaka yote nilikua najibu hivyo hivyo mpaka mwezi wa nane mmoja nilipokua naenda Mwamgongo kwenye msiba wa mama mdogo.

Tuliondoka mchana upepo wa kusini umeshachafua ziwa, boti imejaa saruji, unga, akina mama na watoto, tulipokaribia Mtanga injini ikazima. Boti ikizima inalaza ubavu kwenye mawimbi, maji yakaanza kuingia na watu wote wakasimama. Mzee mmoja mvuvi wa dagaa akapiga kelele "kaeni chini! kaeni!" akashika kasia wakasaidiana na nahodha kugeuza kichwa cha boti kitazame wimbi, vijana wakawa wanatupa saruji ziwani mfuko mmoja mmoja, mi nachota maji na kopo la rangi huku mikono inatetemeka. Kumbe plagi ililowa. Nahodha alikua na nyingine mfukoni, kavu kabisa, kaifunga kwenye nailoni.

Ile nailoni naiwaza mpaka leo. Upepo ni wa Mungu, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 hakuna binadamu wa kulitunishia msuli. Lakini nailoni aliifunga mtu, asubuhi, nyumbani kwake, hajui kama siku hiyo ataihitaji. Hata meli yetu ya Liemba iko hivyo: Wajerumani walipoizamisha 1916 isichukuliwe na adui, mafundi walizipaka injini grisi kwanza, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kubeba watu. Wale mafundi hawakujua vita itaishaje, ila grisi walipaka.

Kwaiyo ndugu yangu unayesafiri, waulize wavuvi ziwa limeamkaje, sikiliza utabiri, na boti ikijaa kupita kiasi shuka, nauli itapatikana tena. Kama boya hakuna beba dumu tupu la lita 20, kaza kifuniko sana, lile majini linabeba karibu kilo 20 na mtu aliyezama mpaka shingoni hahitaji hata nusu ya hizo ili kichwa kikae nje. Boti ya mbao ikipinduka mara nyingi inaelea, ng'ang'ania hapo hapo, usianze kuogelea kufuata taa za kijijini maana usiku taa zinaonekana karibu na haziko karibu.

Watoto ndo wananiuma zaidi. Shangazi yangu anasema kumvalisha mtoto boya ni kuita mkosi. Shangazi shikamoo, nakuheshimu sana, ila Jumamosi tukienda na wajukuu zako kamba za kifuani nitawafunga mwenyewe, na la kwako nimeshalinunua.