Makumbusho kwenye simu: majibu yangu kwa mama wa Mbagala

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala aliniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yana programu za familia kwenye intaneti, kama ni za bure, na kama mtoto anayezifuata hupewa cheti. Nimeamua kumjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wazazi wengi wa Dar es Salaam wanakitamani kile ninachokitamani mimi, yaani likizo isiyoishia kwenye katuni na michezo ya simu.

Programu hizo zipo, na nyingi hazina malipo. Swali ambalo hakuliuliza, nami naliona zito zaidi, ni mtoto aanzie wapi. Wapo wazazi wanaofungua tovuti ya Louvre, makumbusho ya Paris, ambayo tangu mwaka 2021 imeweka wazi kazi zaidi ya 480,000, wakamkabidhi mtoto simu na kwenda zao jikoni. Wakirudi wanamkuta mtoto yuko YouTube. Mimi nashauri kitu kimoja kwa kikao kimoja, na cha kwanza kiwe na asili ya kwetu.

Nyumbani kwangu tulianza na dinosaria aliyesimamishwa katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin. Mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika kazi iliyoendeshwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913. Walioichimba na kuibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya watu wa huko, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, jina ambalo sikulisikia hata mara moja nilipokuwa shuleni. Kwenye tovuti ya Google Arts & Culture ipo video unayoitazama kwa kuizungusha simu pande zote, na humo mnyama huyo anavishwa nyama na ngozi mbele ya macho yako. Kimo chake ni mita 13.27. Mwanangu wa pili hakuridhika na tarakimu, basi tukatoa kanga zangu kabatini na kuzitandaza uani, ncha kwa ncha, kuanzia kwenye kizingiti cha mlango. Zilihitajika tisa, na mbili za mwisho zilitoka nje ya geti. Jirani alichungulia akaniuliza kama nimefungua duka.

Jirani alikuwa na utani tu. Maneno yaliyoniuma ni ya shemeji yangu, ambaye siku ya shughuli ya kifamilia alisema mbele ya watu kwamba wenzangu wanalipia tuisheni wakati mimi nanunua bando la kuwaonyesha watoto mifupa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: mwanangu aliposema darasani kwamba dinosaria mkubwa wa Berlin ametoka Lindi, mwalimu alimwambia aache hadithi za mitandaoni, na mtoto akarudi nyumbani amenyong'onyea, lakini baadaye mwalimu huyo huyo aliniomba kwa WhatsApp nimtumie picha na maelezo awasomee wanafunzi wote. Sijui tuisheni gani ingefanya hivyo.

Kwa upande wa sanaa, ninawapendekezea Rijksmuseum ya Amsterdam. Mwaka 2022 makumbusho hayo yalitoa picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, unaojulikana kama Walinzi wa Usiku, yenye pikseli bilioni 717, hivyo unaweza kuukaribia mpaka uone nyufa za rangi. Usiogope bando, kwani simu hupakua kile kipande unachokitazama tu. Wanangu waliona kuku amening'inia kiunoni mwa msichana mwenye gauni la manjano, wakabishana muda mrefu kama kuku huyo anapelekwa sokoni au anaibwa. Sikuingilia ubishi ule. Mzazi akiharakisha kusoma maelezo ya wataalamu, mtoto huacha kutazama, na kutazama ndiko kulikowakalisha pale.

Kuhusu sayansi sina mengi. Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, imeweka kwenye tovuti yake majaribio mengi yanayotumia vitu vya kawaida vya nyumbani. Sisi tulitoboa boksi la viatu kwa sindano, tukabandika karatasi ya kupitisha mwanga upande wa pili, na mnazi wa jirani ukaonekana kichwa chini, kwa sababu mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na ule wa kileleni hutua chini ukishapita tunduni. Maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo yasome usiku watoto wakiwa wamelala, kisha uwaeleze kwa Kiswahili chako.

Vipindi vya makumbusho vinavyorushwa moja kwa moja vinahitaji uangalifu wa saa. Kipindi cha saa nne asubuhi New York huangukia saa kumi na moja jioni kwetu kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na miezi mingine saa kumi na mbili, wakati ambao nyumba nyingi zinajiandaa kwa magharibi na wengine bado wako kwenye foleni ya Ubungo. Vilivyorekodiwa vinatosha kabisa, mradi ukae nao.

Nalirudia hilo la kukaa nao, maana ndilo wazazi wenzangu wanalolikwepa. Usiniambie huna muda, na jana ulimaliza tamthilia nzima. Kaa nao, zima ujumbe unaoingia, uliza mtoto anaona nini, kisha unyamaze. Jumamosi inayofuata wapandishe daladala hadi Posta, mwende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakamwone Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Mtoto aliyezoea kutazama kwenye kioo cha simu husimama mbele ya fuvu lile na maswali yake mwenyewe.

Na kuhusu cheti, mama, programu nilizozifuata hazikutoa, wala wanangu hawakuwahi kukidai. Walichodai ni kupelekwa Lindi, na nauli hiyo ndiyo ninayoitafuta sasa.