Muuguzi anayetaka kuwa mkunga Uingereza: miezi 24, saa 3,600, watoto 40

Wauguzi wengi waliohamia Uingereza kutoka Kenya na Tanzania walizalisha kwa miaka kabla ya kupanda ndege. Wanafika, wanapewa wodi ya wazee au ya upasuaji, na baada ya mwaka mmoja au miwili swali linawarudia: leba nitaiona tena lini? Jibu wanalopewa na wenzao huwa ni moja, "karudi chuo." Wakati mwingine ni jibu sahihi. Wakati mwingine ni kumpeleka mtu kutumia maelfu ya pauni pasipo lazima.

Nyumbani muuguzi mkunga ni mtu mmoja. Diploma ya uuguzi ya Kenya, KRCHN, ina ukunga ndani yake, na Tanzania baraza ni moja na cheo chenyewe kimeunganishwa. Uingereza pia baraza ni moja, NMC, lakini rejista yake ina sehemu tofauti. PIN, yaani namba ya usajili, uliyopata kama muuguzi wa watu wazima haikuruhusu kujiita mkunga wala kufanya kazi ya mkunga, hata kama ulishazalisha wanawake elfu moja Mwananyamala au Pumwani.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote ya chuo, toa leseni yako ya nyumbani uisome upya. Ikiwa baraza la nyumbani limekuandikisha kama mkunga na nakala za masomo yako zinaonyesha saa za ukunga za darasani na za wodini, unaweza kuomba kuingia sehemu ya wakunga kwa njia ileile uliyopitia kama muuguzi: mtihani wa kompyuta wa CBT, kisha mtihani wa vitendo wa wakunga, OSCE, wenye vituo 10. Ada zake ni ndogo kuliko za chuo, na maandalizi ni ya miezi. Anayefaa kurudi chuo ni yule ambaye masomo yake ya ukunga hayakutosha kwenye karatasi, au aliyekaa nje ya leba muda mrefu kiasi kwamba hajiamini, au aliyesomea uuguzi Uingereza kwenyewe na hajawahi kugusa ukunga.

Kwa huyo wa chuo, njia ni mbili. Muuguzi mwenye PIN ya watu wazima husoma kozi fupi: si chini ya miezi 24, saa 3,600, mara nyingi katika ngazi ya uzamili. Mwenye digrii ya fani nyingine yoyote, tuseme biolojia au sosholojia, husoma kozi kamili ya saa 4,600, si chini ya miaka 3, na vipo vyuo vinavyoitoa kama uzamili pia. Hapa watu huteleza: muuguzi wa afya ya akili au wa watoto hahesabiwi kwenye kozi fupi. Ni watu wazima tu. Na mwenye diploma bila digrii akikuta uzamili umefungwa, basi aulize kama chuo kinakubali uzoefu wa kazi badala ya digrii, au kama kina kozi fupi hiyohiyo katika ngazi ya shahada ya kwanza. Rejista haitofautishi. Mwenye uzamili na asiye nao wanaingia sehemu ileile wakiwa na haki zilezile.

Sasa viza, kwa sababu ndiyo inayovunja mipango mingi kuliko masomo.

Ukiwa na viza ya kazi unaruhusiwa kusoma, lakini kazi uliyodhaminiwa lazima iendelee. Mwajiri akikupa likizo bila malipo inayozidi wiki 4 kwa mwaka, kwa kawaida analazimika kusitisha udhamini, isipokuwa kwa sababu chache kama uzazi au ugonjwa. Kozi ya ukunga ni ya kutwa na ina zamu za wodini. Haiwezekani kuibana kando ya zamu zako. Ukibadilisha uende viza ya mwanafunzi, utalipa ada ya mgeni, utafanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa (usio wa utafiti) haruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto kama wategemezi wake. Mwenye familia asome sentensi hiyo mara mbili.

Aliyekwisha kupata ukaazi wa kudumu hali yake ni nyingine kabisa. Akiwa ameishi nchini miaka 3 kabla ya kozi kuanza, England inamhesabu kama mwenyeji: anapata mkopo wa ada kwa kozi hii hata kama ana digrii tayari, na kutoka mfuko wa NHS, huduma ya afya ya taifa, anapata pauni 5,000 kwa mwaka ambazo hazirudishwi, na 2,000 zaidi akiwa mzazi wa mtoto anayemtegemea. Nauli ya kwenda hospitali ya mafunzo, ile inayozidi nauli yako ya kawaida ya kwenda chuo, inadaiwa pia, tunza risiti. Zipo hospitali zinazomlipa muuguzi wao mshahara akisomea ukunga, kwa sharti la kuzitumikia miaka fulani akimaliza. Nafasi hizo hazitangazwi sana. Mwandikie mkuu wa mafunzo ya ukunga wa hospitali yako moja kwa moja, usimsubiri msimamizi wa wodi yako, maana yeye anapoteza muuguzi.

Ushauri wetu ni mkavu kidogo: kama ukaazi wa kudumu uko karibu, ungoje. Tofauti ya gharama inazidi hasara ya kuchelewa.

Usaili haupaswi kukutisha. Watapima hesabu za dawa, watakupa kisa, na watataka kujua unachofahamu kuhusu huduma ya uzazi ya Uingereza yenyewe. Soma ripoti ya Donna Ockenden kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford ya Machi 2022, na ile ya Bill Kirkup kuhusu East Kent ya Oktoba mwaka huohuo. Zote mbili zinahusu wanawake waliosema kuna tatizo wasisikilizwe. Soma pia hukumu ya Montgomery ya 2015 kuhusu haki ya mama kuelezwa hatari kabla ya kuamua, na ripoti za MBRRACE-UK kuhusu vifo vya uzazi, ambazo mwaka baada ya mwaka zinaonyesha wanawake weusi wakifa kwa uzazi zaidi kuliko weupe. Jibu baya kuliko yote ni "napenda watoto." Mkunga ni wa mama kwanza.

Nusu ya saa 3,600 ni darasani na nusu ni kwenye huduma. Ukigawa saa 1,800 kwa zamu ndefu za saa 11 na nusu unapata zamu kama 156. Ndani ya zamu hizo kuna hesabu zisizosamehewa: kuwapima na kuwahudumia wajawazito 100, kuzalisha wanawake 40 kwa mikono yako, kuwahudumia wanawake 40 wenye matatizo au mahitaji ya ziada, kuwahudumia waliojifungua 100, na watoto wachanga wazima 100. Mtoto aliyetanguliza matako ukimkosa, unaruhusiwa kujifunza kwa mdoli. England na Ireland ya Kaskazini hesabu hizi huingizwa kwenye kitabu kiitwacho MORA, na kitabu hicho ndicho kinachoamua kama unamaliza kwa wakati.

Tatizo liko kwenye wale 40. Tuseme umepangiwa leba wiki 24, zamu tatu kwa wiki: zamu 72. Inamaanisha zaidi ya nusu ya zamu zako lazima zitoe mtoto aliyepita mikononi mwako. Aliyepasuliwa hahesabiki. Aliyevutwa kwa koleo au kwa vakyumu hahesabiki, hata kama ulikaa na mama saa kumi. Ukimpokea mama njia ikiwa imefunguka sentimita 5 saa moja asubuhi, huenda zamu ikaisha yeye bado anasukuma, na mtoto akaandikwa kwa mwanafunzi wa usiku. Siku nyingine mko wanafunzi watatu kwa akina mama wawili. Ukikwama kabisa kwa kukosa wanaojifungua, kanuni inashusha hesabu hadi 30, lakini uongeze wanawake 20 uliosaidia wakati wanajifungua. Usiipangie tangu mwanzo; ni ya dharura.

Yanayosaidia ni haya. Omba upangiwe mapema kwenye kituo cha kujifungulia kinachoendeshwa na wakunga, na timu ya wanaozalisha nyumbani kama ipo, kwa kuwa huko uzazi unaoishia kwa daktari ni mchache. Leba kubwa yenye wanaoanzishiwa uchungu na kuchomwa sindano ya mgongo itakujazia haraka wale 40 wenye matatizo (aliyepasuliwa anaingia hapo), lakini itakunyima wa kuzalisha. Anza zamu kwa kumwambia mkunga kiongozi hesabu yako ilipo, kwa namba: "nina 17, nimebakiza wiki tisa." Ukishapewa mama, kaa naye, usiende chai njia ikiwa imefunguka yote. Na ujaze kitabu kabla hujavua sare, sahihi ipatikane palepale, bila jina la mama wala kitu cha kumtambulisha. Sahihi inayotafutwa mwezi mmoja baadaye huwa ya mkunga wa muda ambaye hayupo tena.

Wajawazito 100 hawasumbui. Wiki chache za kliniki ya mtaani zinatosha, ilimradi umefanya wewe kipimo kizima: presha, mkojo, urefu wa mfuko wa uzazi kuanzia wiki ya 24 na kuuchora kwenye chati, kisha mazungumzo. Kukaa kwenye kiti ukimtazama mwenzako si kipimo. Watoto wachanga 100 wana mstari wao kitabuni, na wengi hugundua muhula wa mwisho kwamba waliandika akina mama tu. Kiwango cha NMC cha 2019 kinamtaka pia mkunga anayemaliza aweze kumchunguza mtoto mchanga kutoka kichwani hadi miguuni, ule uchunguzi unaofanywa ndani ya saa 72 ukiangalia zaidi macho, moyo, nyonga na korodani. Hospitali nyingi huufanya kwa madaktari wadogo wa watoto, kwa hiyo jipatie mtu wa kukusimamia mapema.

Kwa aliyewahi kuzalisha nyumbani, kigumu zaidi ni kuacha mazoea. Mahali ambapo mkunga mmoja ana wanawake sita, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa pale nafasi inapopatikana. Huku mama aliye kwenye uchungu ana mkunga wake peke yake, na mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka usikilize mara tu baada ya mkazo wa uchungu, dakika nzima, kila dakika 15 katika hatua ya kwanza na kila dakika 5 anaposukuma, uandike namba moja, si "120 hadi 140." Ukichelewa hutasema wodi ilijaa. Mwongozo wa WHO wa 2020 unaanza kuhesabu uchungu kamili kwenye sentimita 5, NICE kwenye 4; mwanafunzi anayechanganya huandika mama amekwama kumbe anaendelea, au kinyume chake. Kitovu hakifungwi kabla ya dakika 1 mtoto akiwa salama, huku oksitosini uniti 10 ya msuli ikiwa imeshatolewa kwa mama aliyeichagua. Kuna anayejifungua akiwa amepiga magoti na mikono chini: kila kitu kimegeuka, kisogo kiko ulipozoea uso. Fanya kwenye mdoli mara nyingi kabla hujakutana nalo saa tisa usiku.

Na kinywa pia. "Panua miguu, sukuma, acha kelele" itakutoa kwenye kozi. Kila kipimo cha ukeni kinaombwa, kinaelezwa, na mama akikataa kinaachwa na kuandikwa.

Kwa aliyekuwa muuguzi tu, ugonjwa ni wa upande mwingine: anangoja amri. Mkunga ndiye kiongozi wa uzazi wa kawaida, na sheria ya dawa inamruhusu kutoa dawa kadhaa bila cheti cha daktari. Mwanafunzi huzitoa akiwa chini ya jicho la mkunga, isipokuwa zile za kudhibitiwa kama petidini ya maumivu. Kumwita daktari ni uamuzi wako, na ukimwita unamwambia unachotaka afanye.

Insha na tasnifu zitakuja kwa tarehe zake. Anza tasnifu wakati uko kwenye kliniki ya mtaani, usiiache igongane na zamu za usiku za leba.

Kabla ya kutia sahihi, uliza mshahara wa baadaye. Mkunga mpya huanza daraja la 5 la NHS na kwa kawaida hupanda la 6 baada ya mwaka hivi wa kusimamiwa. Muuguzi aliye daraja la 6 leo anaweza kurudi nyuma. Zipo hospitali zinazokubali kulinda mshahara, ziombe ziandike. Jambo la pili ni PIN. Kila miaka 3 NMC inataka saa 450 za kazi ili kuhuisha usajili, na 900 kwa anayebaki na sehemu zote mbili. Ukitaka kuendelea kuwa muuguzi na mkunga, saa 450 za uuguzi lazima zitoke mahali fulani, na zamu za ziada, wanazoita za benki, kwenye wodi yako ya zamani ndiyo njia ambayo wengi huitumia.