Jibu: Programu ya depo iliyojengwa kwa Silverlight haifunguki tena

Ndugu wa Kadutu, nimekuelewa: programu ya stoki ya depo yenu ilijengwa kwa Silverlight, teknolojia ya Microsoft ya kuendesha programu ndani ya kivinjari, sasa haifunguki, na vijana wawili wanakuvuta, mmoja anataka ijengwe upya kwa Flutter, mwingine kwa React, zote zana za kujengea programu.

Usijilaumu. Microsoft ilipoitoa mwaka 2007 kushindana na Flash ya Adobe, wengi tuliiamini. Flash ilizimwa mwisho wa 2020, Silverlight ikaachwa Oktoba 2021. Zote zilitegemea programu-jalizi, yaani kipande cha ziada kinachopachikwa kwenye kivinjari, na iPhone haikuzikubali kamwe.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kanzidata (ghala la data ya programu) kwenye diski mbili. Data haijafa, kilichokufa ni dirisha la kuionea.

Mimi ningechukua React. Flutter ya wavuti hupakua mzigo mkubwa mara ya kwanza, na mega hapa Bukavu zinauma. Nilipoijaribu dukani, muuzaji alikodolea skrini nyeupe mpaka mteja akaondoka. Lolote utakalochagua, dai mauzo yahifadhiwe kwenye simu mtandao ukikatika, yatumwe ukirudi. Na msimbo uwe mali yako, iandikwe kwenye mkataba.

Kanzidata ikidai nywila usiyoijua, usibahatishe. Mwite fundi wa kanzidata, umpe nakala, si ile ya asili.